Maneno ya Kiingereza ya silabi moja: jinsi ya kuyatamka na kuyatumia kila siku

Kila wiki naulizwa maswali yale yale. Nikariri maneno mangapi ndo niongee Kiingereza, mbona nikiongea watu wananiuliza "what?", mbona nikisoma naelewa ila wenyewe wakiongea siambulii kitu. Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja na ukiniuliza tena ntakutumia hii hii.

Jibu langu ni hili: shida nyingi za anayeanza zipo kwenye maneno madogo, yale ya silabi moja, sio kwenye yale marefu unayoyakariri usiku. Nimekutana na watu wanajua "nevertheless" na "accommodation" lakini wakisema "ask" inatoka "aski", na ukiwauliza tofauti ya in, on na at wanakuangalia tu. Na hayo madogo ndo lugha yenyewe. Ukichukua orodha za maneno yanayotumika sana kwenye Kiingereza, nyingi zinaanza na the, be, to, of, and, a, in, na ukihesabu 100 ya kwanza utakuta karibu 90 ni silabi moja. Yani unaweza kukwepa "nevertheless" maisha yako yote ila huwezi kukwepa "of" hata dakika moja.

Kwa nini yanatusumbua sisi? Kwa sababu Kiswahili chenyewe kinaikimbia silabi moja. Angalia vitenzi vyetu vifupi, kula, kuja, kufa, kunywa: tunasema "anakula", hatusemi "anala", tunabaki na ile "ku" ili neno lisiwe jepesi mno. Na neno la Kiingereza likiingia kwetu tunalivalisha irabu nyuma: bus ikawa basi, bank ikawa benki, train ikawa treni, coat ikawa koti, team ikawa timu, na club maskini ikapewa irabu mbili ikawa kilabu. Kwenye Kiswahili hakuna kosa hapo, ndo namna lugha inavyojimilikisha maneno. Shida ni pale ulimi unapofanya hivo hivo wakati unaongea Kiingereza. Nadharia inaishia hapo, tufanye kazi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye rekoda. Hii sio hiari, sikio lako linakudanganya wakati unaongea, rekodi haikudanganyi.
- Daftari na kalamu. Kuandika kwa mkono kunakulazimisha uende taratibu.
- Kamusi ya mtandaoni yenye kitufe cha sauti, na ikiwezekana ile inayokata neno kwa vidoti kuonyesha silabi.
- Kioo kidogo, cha kuangalia midomo.
- Klipu moja ya dakika mbili hivi ya mtu anaongea Kiingereza cha kawaida, yenye maandishi yake. Nimesema moja. Watu wanadownlodi klipu hamsini alafu hawasikilizi hata moja mpaka mwisho.
- Dakika 20 kwa siku, sehemu ambayo unaweza kutoa sauti bila kuona aibu.

Hatua ya 1: Hesabu silabi kwa kidevu, sio kwa macho

Weka kiganja chini ya kidevu, kigusane. Sema neno taratibu. Kila kidevu kinaposukuma kiganja chini, hiyo ni silabi moja. Jaribu "dog", mara moja. "Doctor", mara mbili. "Important", mara tatu.

Cha kushika ni kwamba unahesabu sauti za irabu, sio herufi za irabu. Kwetu herufi na sauti zinaenda pamoja ndo maana tunaanguka hapa. "Strengths" ina herufi 9 na ni silabi moja tu, "screeched" nayo herufi 9, silabi moja. Alafu "area" yenye herufi 4 ina silabi tatu, na "idea" hivyo hivyo. Urefu wa neno kwenye karatasi haukwambii kitu.

Makosa matatu yanayojirudia:

Kusoma ile "e" ya mwisho. Make, time, house, have, give: zote silabi moja, "e" imekaa pale kimya, mara nyingine kazi yake ni kubadilisha irabu ya mbele tu. Ndo tofauti ya "hop" na "hope", "cut" na "cute", "plan" na "plane".

Kusoma "-ed" kama silabi kamili. Asked, helped, worked, played, closed, stopped, zote hizi bado ni silabi MOJA. Hakuna "hel-ped", hakuna "wo-ked". "-ed" inakuwa silabi pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d: wanted, needed, ended. Hii sheria peke yake itabadilisha unavyosikika kuliko maneno mapya mia mbili, sitanii.

Kudhani kila neno fupi ni silabi moja. "Little", "table" na "people" ni silabi mbili kwa sababu ile "l" inasimama yenyewe, kama vile "m" ya "mtu" inavyosimama yenyewe. Hapo sisi tuna faida, wengine wanahangaika sana kuielewa "l" ya namna hiyo.

Na "-s" ya wingi: cups, books, dogs, bado moja. Inaongeza silabi tu kama neno linaishia na sauti za s, z, sh, ch, j: buses, boxes, watches.

Hatua ya 2: Funga neno, usiliachie irabu

Hii ndo hatua yenye kazi kuliko zote, kaa nayo wiki nzima kama ikibidi.

Shika kioo. Sema "stop" na ukifika kwenye "p" funga midomo UBAKI umeifunga. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili. Ndo uachie. Ukiangalia kwenye kioo midomo iwe imebana kama mtu aliyekataa kujibu swali. Sasa fanya "book": hapa kinachofunga ni nyuma ya ulimi, inabana juu kule karibu na koo, ubaki hapo hapo. Alafu "bat": ncha ya ulimi inabana kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, baki hapo. Usiachie kwa pumzi kubwa, maana ile pumzi ndo inageuka "i" au "u".

Rekodi maneno haya kumi alafu sikiliza: stop, team, job, book, bank, bed, ask, help, first, change. Utashangaa. Mara nyingi konsonanti za midomo tunazimalizia na "u", unaskia "stopu", "timu", "jobu", na zile zingine tunazimalizia na "i", "banki", "bedi", "aski". Ukishajua irabu gani inakuvizia wapi ni rahisi kuikamata.

Kuna irabu nyingine inajificha mbele, kwenye konsonanti mbili zinazofuatana. "School" inatoka "sikuli", "stop" inatoka "sitopu", hapo silabi moja imeshakuwa tatu. Dawa yake ni kuvuta ile s kama tairi linavuja, "sssss", alafu unaachia neno lililobaki bila kupumua katikati: sss-top, sss-kul. Punguza ile s kidogo kidogo mpaka iwe ya kawaida.

Onyo: usikimbie irabu ukaishia kumeza konsonanti yenyewe. Kuna watu wakiambiwa wasiongeze irabu wanasema "fai" badala ya "five", sasa hapo msikilizaji hajui ni five, fine au fight. Konsonanti lazima iwepo, ila imefungwa.

Ukishaweza kufunga, kuna siri moja ndogo inayotenganisha maneno mengi ya namna hii. Linganisha "seat" na "seed", "back" na "bag", "ice" na "eyes". Tofauti wanayoisikia wenyewe sio t na d peke yake, ni urefu wa irabu iliyotangulia. Kwenye "seed" irabu inavutwa, kwenye "seat" inakatwa ghafla. Kwa hiyo hata kama d yako ni dhaifu, vuta irabu na utaeleweka.

Hatua ya 3: Chagua jozi tatu za irabu, achana na zingine kwanza

Sisi tuna irabu tano, Kiingereza kinazidi kumi, kwa hiyo kwetu "cat", "cut" na "cart" zote zinatoka "kat". Usijaribu kurekebisha kila kitu siku moja. Anza na hizi:

Ship na sheep. "Sheep" ni ile "i" yetu, ndefu, midomo imetanuka kama unatabasamu. "Ship" ni fupi na legevu, inaelekea kwenye "e". Hii usiiache kabisa, maana maneno "sheet" na "beach" ukiyafupisha irabu yanageuka matusi, na hutajua kwa nini watu wamekaa kimya ghafla.

Cat na cut. "Cat" mdomo unafunguka sana, sauti ipo katikati ya "a" na "e". "Cut" ni "a" fupi ya uvivu, taya halishuki sana.

Full na fool. "Fool" ni "u" yetu ya kuvuta, "full" ni fupi, midomo haijabana.

Sikiliza kila neno kwenye kamusi mara tano, ndo useme. Ukitamka kabla hujasikiliza unafanya mazoezi ya kosa lako mwenyewe.

Hatua ya 4: Unganisha maneno, na hapa utapumua

Kuna kitu hakuna aliyenifundisha, nimekuja kukigundua nikisikiliza klipu moja mara thelathini. Waingereza wenyewe hawapendi kuacha konsonanti inaning'inia. Neno linalofuata likianza na irabu wanaihamisha ile konsonanti huko. Kwa hiyo "pick it up" haisemwi pik, it, ap. Inasemwa "pi-ki-tap". Iangalie vizuri: pi, ki, konsonanti irabu, konsonanti irabu. Ni silabi zetu hizo! "Put it on" inakuwa "pu-ti-ton". "Not at all" inakuwa "no-ta-tol". "Get out of it" inakuwa "ge-tau-to-vit".

Kumbe yale maneno tunayohangaika kuyafunga, kwenye sentensi mengi yanafunguka yenyewe. Ulimi wa Kiswahili unaiweza hii kazi kuliko unavyodhani, na ndo sababu nyingine ya kwamba siku zote ulikuwa huwasikii: ulikuwa unatafuta "it" na "up", wao wanasema "tap".

Mazoezi: chukua maandishi ya klipu yako, weka kamstari kila penye neno linaloishia na konsonanti alafu linalofuata linaanza na irabu. Soma kwa sauti ukihamisha. Mwanzoni utajisikia kama unaimba, endelea tu.

Hatua ya 5: Meza maneno ya kazi

Kiswahili kinaipa kila silabi haki yake. Kiingereza hakina haki hiyo. Kuna maneno yanabeba maana, kama work, home, late, come, hayo yanapewa uzito. Alafu kuna ya kuunganisha tu: to, of, and, for, at, from, a, the, can, was, them. Haya yanamezwa, irabu yake inakuwa ka-sauti kadogo ka katikati ambako sio "a" wala "e". "For" inakuwa kama "f", "and" inabaki "n", "to" inabaki "t" yenye pumzi kidogo.

Ukiyapa yote uzito sawa unasikika kama mashine, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba unaweza kueleweka kinyume. Mi nilishawahi kupigiwa simu ya kupanga usaili wa kazi, nikaulizwa kuhusu Jumanne, nikajibu kwa kujiamini "I CAN come on Tuesday", nikaikandamiza ile can ili ijulikane niko tayari. Upande wa pili wakasema "okay, no problem", tukakata. Jumanne nimefika nimevaa nimependeza, jina langu limeshafutwa. Walisikia "can't".

Kwa nini? Kwa sababu "can" ya kawaida inamezwa, "I kn come", uzito unakaa kwenye "come". Inayopewa uzito ni "can't", na ile t ya mwisho mara nyingi haisikiki vizuri, kwa hiyo mtu akisikia uzito hapo anajua umekataa. Toka siku hiyo nikikubali nameza can, nikikataa naivuta can't.

Sehemu kubwa ambayo mengi ya maneno haya hayamezwi ni mwisho wa sentensi. "Where are you from?" hapo from inasikika yote. "Yes, I can." Hapo pia.

Na usisahau vile vifupisho: I'm, you're, it's, we'll, don't, can't, won't, let's. Kila kimoja ni silabi moja, na kwenye maongezi ya kawaida ndo vinatumika. Anayesema "I am", "do not", "let us" kila mara anaonekana amekasirika au anasoma hotuba.

Hatua ya 6: Jaza mfuko wako na vitenzi vya mkono

Mwaka 1930 Mwingereza mmoja, Charles Kay Ogden, alitoa mfumo wa Kiingereza kilichopunguzwa mpaka maneno 850. Kwenye maneno yote hayo aliacha vitenzi 18 tu: come, get, give, go, keep, let, make, put, seem, take, be, do, have, say, see, send, may, will. Pitisha kidevu kwenye kiganja uone, vyote 18 ni silabi moja. Sikwambii uongee kwa vitenzi 18, hata wenyewe hawaongei hivo, ila ukivishika kweli kweli unaweza kusema karibu kila kitu cha siku nzima.

Ujanja wake ni kuviozesha na vijineno kama up, out, off, on, in, back, down. Put off ni kuahirisha. Give up, kukata tamaa. Take off, kuvua nguo, au ndege kuruka. Let down, kumwangusha mtu aliyekutegemea. Keep on, kuendelea. Make up, kutunga uongo au kupatana baada ya ugomvi, inategemea.

Fanya kitenzi kimoja kwa siku. Kimoja. Ukurasa mmoja wa daftari, kitenzi juu, chini yake sentensi tano za maisha YAKO. Sio za kwenye kamusi. Ukiandika "I put off the call", iwe ni simu ambayo kweli umeahirisha kupiga.

Angalia haya:

Neno la yule anayetendewa likiwa ni it, him, her, them, linakaa katikati. "Put it off", sio "put off it". "Turn it down", sio "turn down it". Ila sio vyote vinaachana hivyo, "look for" inabaki imeshikana: "look for it". Ukiwa na wasiwasi angalia mfano kwenye kamusi.

Wakati uliopita wa baadhi haubadiliki kabisa: cut, put, hit, let, set, shut, cost, hurt. Jana, leo, juzi, ni "put". Ukisema "putted" umeingia kwenye gofu, huko neno hilo lipo ila linatoka kwenye kitenzi kingine.

Hatua ya 7: Shusha maneno makubwa

Fungua meseji au barua pepe ya mwisho uliyoandika kwa Kiingereza. Zungushia kila neno lenye silabi tatu au zaidi, na yale ya mbili yanayonukia ofisi. Alafu jiulize kuna dogo linalofanya kazi hiyo hiyo? Assist ni help. Purchase ni buy. Commence ni start. Terminate ni end. Obtain ni get. Require ni need. Inquire ni ask.

Ukiona jozi zinafuata mtindo fulani hujakosea. Madogo mengi ni ya Kiingereza cha zamani, enzi hizo yalikuwa na viishio, help ilikuwa "helpan", drink ilikuwa "drincan", baadae viishio vikadondoka likabaki shina. Makubwa mengi yamekuja kutoka Kifaransa na Kilatini, hasa baada ya Wanormani, watu waliotoka Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066 na lugha yao ikawa ya watawala na mahakama. Ndo maana mpaka leo yananukia serikali.

Mfano. Mtu kaniletea hii nimrekebishie: "I am writing to inquire whether you have received the document which I transmitted previously." Maneno 15. Alichotaka kusema: "Did you get the file I sent last week?" Maneno 9, silabi 9. Aliogopa kwamba itaonekana ya mtoto. Aliituma, akajibiwa.

Onyo kubwa lakini: ufupi sio amri. Kwa Kiswahili "nipe hiyo kalamu" kati ya watu wanaojuana haina neno, ila "Give me the pen" kwa Kiingereza inakwaruza, na "I want the pen" inakwaruza zaidi. Na "naomba" usiitafsiri "I beg", hapana. Sema "Can I have the pen, please?" au "Could you help me with this?" Hesabu, kila neno bado ni silabi moja. Adabu ya Kiingereza inakaa kwenye can, could na please, haikai kwenye urefu wa neno.

Hatua ya 8: Maandishi, haraka haraka

Kivumishi cha silabi moja kinapokea -er na -est: taller, the tallest. Usiseme "more tall", hiyo ni "mrefu zaidi" yetu imevaa koti la mtu mwingine. Vichache tu vinakataa, kama "fun" na "real", hivyo ni more fun, more real.

Neno likiwa na irabu moja alafu konsonanti moja mwishoni, konsonanti inajirudia ukiongeza kiishio: big, bigger. Stop, stopped. Run, running. Irabu zikiwa mbili hairudii, rain, raining. Konsonanti zikiwa mbili hairudii, help, helping. Na w, x, y hazirudii, show, showing, fix, fixing. Ndo maana "hopping" ni kurukaruka na "hoping" ni kutumaini, angalia usije ukamwandikia bosi kwamba unarukaruka kupata jibu lake.

Hatua ya 9: Andika aya nzima ya silabi moja

Sasa changanya yote. Andika kitu kilichokutokea, kwa maneno ya silabi moja PEKEE. Yangu hii hapa:

"I woke up late. The rain had not let up. My phone was dead, so I could not call her. I ran to the bus stop but the bus had just left, so I stood there and got wet."

Maneno 39, pima yote kwa kidevu. Niliandika mara nne, kwanza niliweka "because" nikaitoa nikaweka "so", nikaweka "raining" nikaibadilisha sentensi nzima. Huko kuhangaika ndo faida yenyewe, inakulazimisha utafute njia nyingine ya kusema, na kwenye maongezi ya kweli ukikwama neno hicho ndo kitu utakachohitaji.

Ukimaliza, isome kwa sauti huku unarekodi. Angalia vitu vitatu tu: umefunga mwisho wa "late", "dead" na "left"? Umemeza "the", "to" na "and"? Umeunganisha "woke up" ikawa "wo-kap" na "let up" ikawa "le-tap"?

Onyo: hili ni zoezi, sio mtindo wa maisha. About, people, water, money, very, any, after, hayana mbadala wa kueleweka, yatumie. Ukianza kuzunguka "water" ili tu usivunje sheria unapoteza muda.

Ikigoma

"Nimerekodi wiki mbili bado naskia ka-irabu mwishoni." Unaachia mapema. Rudi kwenye kioo. Au tumia njia ya mkato: usiseme neno peke yake, lisemee mbele ya neno linaloanza na irabu, "ask Ann", "stop it", "book of". Irabu yako itakosa pa kukaa kwa sababu nafasi ina mwenyewe.

"Nikisoma naelewa ila wakiongea siyaskii." Rudi hatua ya 4 na 5, hayo unayoyasubiri hayasemwi yalivyoandikwa. Sikiliza sekunde tano za klipu, andika ulichosikia hata kama ni upuuzi, "ge-tau-to-vit", ndo ufungue maandishi. Ukifungua maandishi kwanza, macho yanalisaidia sikio na sikio halijifunzi.

"Fire, hour na our ni silabi moja au mbili?" Inategemea anayeongea, hata wenyewe hawakubaliani. Usigombane na mtu kwa hilo.

"Naandika their badala ya there, to badala ya too." Hapo sikio halikusaidii maana sauti ni ile ile, vivyo hivyo know na no, write na right, hear na here. Weka kila moja ndani ya kasentensi kake ukakariri kasentensi, usikariri jozi. Ukikariri jozi ndo unazidi kuchanganya.

"In, on, at zinanichanganya." Lazima, kwetu "kwenye" na ile "-ni" ya "mezani" zinafanya kazi ya zote tatu. Anza na muda maana hapo zinatabirika: at kwa saa, on kwa siku, in kwa mwezi na mwaka. At 6, on Monday, in June, in 2019. Mahali, in ni kuzungukwa, on ni kugusa juu yake, at ni nukta ya kukutana. Kwa usafiri: ukiweza kusimama na kutembea ndani yake ni on, on the bus, on the train. Kama unaingia umeinama na kukaa ni in, in the car.

"Naongea vizuri ila nasahau a na the." Kila mtu wa lugha yetu anasahau, hatuna kitu kama hicho. Unapojikagua kwenye rekodi, kila nomino moja inayohesabika lazima iwe na kitu mbele yake: a, the, my, this, one, chochote. Ikiwa uchi, kama "I saw dog", umeacha kitu. Mara ya kwanza inatajwa mpe a, akirudi mpe the. Kuna mengi zaidi ya hapo ila kwa miezi mitatu ya kwanza hiyo inakutosha, na ukiwa huna uhakika kabisa weka "the" uimeze, nusu ya watu hawatagundua.